Gari la Fowili Linalia Chini? Pitia Hatua Hizi Kabla Hujashusha Giaboksi

Kila mvua zikianza napigiwa simu ileile kwa sauti tofauti: "Fundi, gari linaunguruma chini, giaboksi imekufa?" Anayepiga huwa ameshatajiwa bei ya giaboksi ya mtumba na anafikiria ng'ombe gani auze. Na mimi namuuliza: linaunguruma lini? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Likiwa kwenye kona au njia nyoofu? Gia ipi? Wengi hapo hunyamaza. Nimeandika haya kwa ajili ya hao walionyamaza.

Nazungumzia magari ya fowili, yaani yanayoweza kuvuta kwa matairi yote manne, tunayokutana nayo huku kwetu Mwanza: Land Cruiser mkonga (zile zenye bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo) zinazopeleka watalii lango la Ndabaka la Serengeti, Hilux zinazobeba dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba, Prado za ofisini, na zile Land Rover Defender ambazo wenyewe hawataki kuziacha. Zinatofautiana kwa mambo mengi, lakini njia ya kumsaka mkosaji ni moja.

Nadharia nitakupa kidogo tu. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita klachi, inaingia giaboksi, inafika transfa, na transfa inaigawa mbele na nyuma. Kutoka hapo propela shafti, lile bomba refu chini ya gari, inaipeleka kwenye difu, lile boksi la gia kati ya matairi mawili, na hafu shafti zinaifikisha kwenye matairi. Difu nyingi za Land Cruiser zina uwiano wa karibu 4 kwa 1, maana yake tairi likizunguka mara moja, propela imeshazunguka mara nne na ushee. Ndiyo maana mtetemo wa propela ni wa haraka, unausikia kwenye nyayo na kwenye kiti kama simu inayotetema. Wa tairi ni wa polepole, unatikisa usukani au mwili mzima wa gari.

Unachohitaji

- Jeki nzima na stendi mbili za chuma. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.
- Mawe ya kuzuia matairi. Mwanza hatuna kisingizio cha kukosa mawe.
- Spana. Nati za oili za difu na transfa kwenye Toyota nyingi huchukua namba 24.
- Bakuli jeupe la plastiki, safi. Usikingie oili kwenye gudulia chafu halafu ukajidai unasoma rangi.
- Sumaku ndogo, tochi, matambara, chaki au rangi.
- Pampu ya mkono ya kujazia oili, na oili yenyewe kama kitabu cha gari kinavyotaka.
- Daftari na kalamu, na mtu wa kukusaidia kukanyaga pedeli.

Tafuta sakafu ngumu na tambarare. Kwenye mchanga wa mwaloni jeki inazama taratibu bila wewe kuona.

Onyo kwa wenye Defender za zamani: hendibreki ya gari hilo haishiki matairi ya nyuma, inashika shafti nyuma ya transfa. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu inaliachia lizunguke na gari linaweza kuondoka na hendibreki yako ikiwa juu kabisa. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini, kila mara.

Hatua ya 1: Osha gari, kisha lihoji

Usicheke. Tope jeusi la mbuga, lile la Magu na Misungwi, likikauka ndani ya rimu upande mmoja linalitikisa gari kama propela iliyopinda. Osha rimu kwa ndani, osha propela yote, halafu liendeshe tena. Kuna watu ugonjwa umeisha hapo, wakalipa kuosha gari tu.

Kisha andika: sauti ilianza lini, na kabla yake kulifanyika nini? Umebadilisha matairi? Umeinua springi? Gari likiinuliwa, pembe ya propela inabadilika na mtetemo unaweza kuanzia hapo. Limeingia ziwani kusukuma mtumbwi? Lilivutwa? Fundi alishusha kitu wiki iliyopita? Sauti iliyoanza siku moja baada ya kazi fulani, anza kuitafuta kwenye kazi hiyo.

Hatua ya 2: Soma oili

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo gari linaposema ukweli wote na ndipo watu wanaporuka.

Liendeshe dakika kumi ili oili ipate moto, kisha liegeshe tambarare. Anza kufungua nati ya kujazia, ile ya juu. Usiguse ya kumwagia kabla ya juu haijafunguka. Nimeona mtu amemwaga oili yote ya difu, kisha nati ya juu ikakataa kabisa kwa kutu, na gari likalala pale pale hadi alipopatikana mchomeleaji.

Ingiza kidole kwenye tundu. Oili inatakiwa iwe kwenye mdomo wa tundu au chini yake kidogo. Sasa chukua kidogo kwenye bakuli jeupe, uangalie:

*Rangi ya chai ya maziwa.* Maji yameingia. Kwa magari ya ziwani hili ni la kawaida kupita unavyodhani. Difu ikitoka safari ina moto. Unaiingiza kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kutafuta pa kuvutia. Kipumulio kile kidogo juu ya ekseli kikiwa kimezibwa na tope, hewa haipiti, basi inavuta maji kupitia kwenye sili, ile raba inayozuia oili kuvuja. Kubadilisha oili bila kuzibua kipumulio ni kuahidiana kuonana tena. Kizungushe kwa vidole: kifuniko chake kinatakiwa kicheze. Wanaoshusha mitumbwi kila wiki wafunge mpira mrefu kutoka pale hadi juu kwenye injini.

*Ute wa kijivu kwenye sumaku ya nati.* Huo ni uchakavu wa kawaida. Futa, endelea na maisha.

*Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha.* Hapo ni jino la gia au beringi. Gari lisiende safari.

*Vumbi la njano linalometameta, sumaku hailishiki.* Ni shaba kutoka kwenye ringi za sinkro za giaboksi, zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza. Linganisha na ugumu wa gia kuingia.

Sasa jambo linalowachanganya hata mafundi. Kwenye Land Cruiser nyingi, kati ya giaboksi na transfa kuna sili moja. Ikichoka, oili ya giaboksi inahamia kwenye transfa. Unafungua nati ya transfa, oili inakumwagikia hadi kwapani, unasema "hii imejazwa sana." Unafungua giaboksi, kidole kinatoka kikavu. Chini ya gari hakuna hata tone. Kwa hiyo pima zote mbili, siku hiyohiyo, na uandike. Mwenye gari anayesema "langu halivuji" huwa hajui kwamba linavujia ndani.

Kosa jingine ni kumimina oili yoyote nzito. Difu nyingi zinataka oili ya daraja la GL-5. Giaboksi za manyua (za kubadilisha gia kwa mkono) baadhi zinataka GL-4 kwa sababu ya ile shaba ya sinkro. Soma kitabu cha gari lako, usisome mdomo wa muuza duka.

Hatua ya 3: Lala chini, shika kila kitu kwa mkono

Injini imezimwa, matairi yamezuiwa, gia iko huru. Shika propela karibu na krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba, mkono mmoja kila upande wa krosi, uzungushe mikono kinyume kinyume. Krosi nzima haina mchezo wowote unaousikia. Ukisikia "tik" hata ndogo, imeisha. Angalia pia vikombe vyake: vumbi jekundu kama la pilipili maana yake grisi imekauka na vijiti vya beringi ndani yake vinaliwa na kutu. Krosi inayolia kama ndege asubuhi ukianza kutembea polepole iko kwenye hatua hii, na bado hujachelewa.

Sukuma propela juu na chini penye kiungo cha kuteleza, kile kinachoiruhusu irefuke na kufupika. Angalia bolti za flanji zote, yale mabamba yanayounganisha propela, maana moja iliyolegea inapiga kelele ya difu nzima. Kagua raba zinazoshikilia giaboksi: mwambie msaidizi aanze kuondoa gari taratibu huku wewe umesimama pembeni kwa mbali ukitazama, si chini ya gari. Giaboksi ikiruka juu, raba imekatika, na huo mshindo unaousikia kila ukiachia klachi unatoka hapo.

Kwa mbele, kwenye mkonga na ndugu zake wenye ekseli nzima, angalia tufe la chuma nyuma ya tairi. Linatakiwa liwe na utando mwembamba wa grisi. Ukikuta majimaji meusi yanachuruzika hadi ndani ya rimu, sili ya hafu shafti ya ndani imekufa: oili ya difu imeingia kwenye grisi ya sivi jointi, kiungo kinachozungusha tairi likiwa limekatwa, na kuifanya uji. Sivi jointi inayooga uji haidumu.

Kabla hujafungua propela yoyote, piga mstari wa rangi kwenye flanji zote na kwenye kiungo cha kuteleza. Ukiirudisha ikiwa imegeuka meno machache tu, umejitengenezea mtetemo mpya, na utaanza kulaumu krosi ulizonunua.

Hatua ya 4: Jaribu klachi gari likiwa limesimama

Injini inaunguruma, gia huru, mguu hauko kwenye klachi. Sikiliza. Kanyaga klachi hadi mwisho. Sikiliza tena.

Sauti ikija ukikanyaga, shuku rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Sauti iliyokuwepo ikipotea ukikanyaga, shuku beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Jaribio hili la sekunde tano limewaokolea watu fedha nyingi, kwa sababu beringi moja inabadilishwa pamoja na klachi na nyingine inataka giaboksi ifunguliwe.

Gia ya rivasi ikikwaruza, kanyaga klachi, hesabu hadi tano, kisha ingiza. Bado inakwaruza? Klachi haiachii vizuri. Angalia kwanza oili ya klachi kwenye kikopo chake, kisha silinda ya juu na ya chini kama zinavuja, na toa hewa kwenye mfumo. Sikia hili: gia zote zikikwaruza, shuku klachi. Gia moja tu ikikwaruza, shuku sinkro ya gia hiyo.

Kujua kama klachi inateleza, nenda barabarani. Ukiwa kilometa 50 kwa saa kwenye gia ya nne, kanyaga mafuta kwa nguvu. Mshale wa mizunguko ukipanda haraka huku mwendo ukibaki palepale, klachi pleti imekwisha au ina oili. Mlima wa Bugando ukiwa na mzigo utakuonyesha hilo vilevile, lakini usirudie rudie, utaimalizia.

Hatua ya 5: Liendeshe na usikilize

Unahitaji lami nyoofu isiyo na msongamano. Mimi hupita Usagara kuelekea Misungwi asubuhi mapema. Zima redio, fungua kioo, msaidizi aandike. Usiandike huku unaendesha.

Panda hadi mwendo sauti inapotokea, ushikilie. Sasa kanyaga mafuta kidogo, kisha achia. Mluzi unaobadilika kati ya kukanyaga na kuachia ni wa meno au beringi za difu. Kisha, kama hakuna gari nyuma yako na njia ni tambarare, weka gia huru kwa sekunde chache. Sauti ikiendelea vilevile, giaboksi imejitetea: tafuta propela, difu, beringi za matairi au matairi yenyewe. Usifanye hivi kwenye mteremko.

Yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia. Sauti ikiongezeka hapo, beringi ya tairi la kulia ndiyo ya kwanza kuinuliwa na kupimwa.

Halafu pita gia zote. Kwenye giaboksi nyingi za gia tano, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuizungusha kwenye shafti ya chini. Mlio uliopo kwenye ya pili, ya tatu na ya tano, halafu ukapungua sana kwenye ya nne, unaelekeza kwenye beringi za shafti hiyo ya chini.

Na matairi. Nikiwa bado saidia fundi tulishusha difu ya nyuma ya mkonga moja iliyokuwa inavuma kuanzia kilometa 60. Tukabadilisha beringi za pinioni, gia ndogo ya kuingilia difu, tukafunga, tukaenda majaribio. Inavuma vilevile. Tukaifungua tena. Siku ya tatu mwenye gari akaja na matairi aliyoazima kwa shemeji yake, tukayafunga. Kimya kama kanisani siku ya Jumanne. Matairi yake ya matope yalikuwa yameliwa upande mmoja, ukipitisha kiganja unahisi meno ya msumeno. Tangu hapo napitisha kiganja kwanza. Mvumo unaobadilika ukitoka kwenye lami kuingia kwenye vumbi, mara nyingi ni tairi.

Hatua ya 6: Weka fowili

Fanya hili kwenye vumbi au mchanga, kamwe si kwenye lami kavu, kwa magari ambayo fowili yake ni ya kuweka na kutoa. Kwenye lami, matairi ya mbele na ya nyuma yanataka kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, na transfa haiyaruhusu. Mfumo wote unajikaza kama kamba iliyosokotwa, gari linakuwa zito, na kirungu cha transfa kinakataa kutoka. Watu wengi walioniambia "transfa imejifunga" walikuwa wamefanya hivi. Rudi nyuma mita chache kwa mstari mnyoofu, jaribu tena. Kinatoka.

Kama gari lako lina habu za kufunga kwa mkono katikati ya matairi ya mbele, hakikisha zote mbili ziko LOCK. Moja ikiwa FREE, taa ya fowili inawaka lakini tairi la mbele halivuti kitu, na umekwama huku unaapa kwamba fowili imekufa.

Sasa zunguka polepole, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kulia kisha kushoto. Mlio wa "ka-ka-ka" mbele ni sivi jointi. Simama kabisa, weka L4 (fowili ya mwendo mdogo), panda mlima mdogo, kisha shuka bila kukanyaga mafuta. Kirungu kikijitoa chenyewe, kagua kwanza raba na vyuma vya kuunganisha kirungu, kisha ndipo ufikirie uma zinazosukuma gia na gia za ndani. L4 kutoa mlio zaidi ya H4 (fowili ya mwendo wa kawaida) ni kawaida.

Hatua ya 7: Mtenge mshukiwa

Kama bado hujui ni mbele au nyuma, toa propela ya mbele (umepiga alama, sivyo?), weka H2 (matairi ya nyuma pekee yavute), uendeshe. Mtetemo ukiisha, mkosaji ni propela ya mbele au kinachofuata baada yake. Kwa gari la fowili ya muda wote, kama Land Cruiser 80 nyingi, Prado nyingi na Defender, lazima ufunge difu ya katikati, la sivyo utakanyaga mafuta na gari lisisogee. Safari iwe fupi.

Onyo: usiinue ekseli moja, ukawasha injini na kuingiza gia ili "usikilize vizuri." Gari la fowili likipata mshiko kwenye ekseli iliyobaki chini linaruka kutoka kwenye stendi.

Kwa wenye otomatiki

Gari liwe na moto, tambarare, injini ikiunguruma. Pitisha kirungu P hadi L na kukirudisha P, kisha ndipo usome kijiti cha kupimia oili. ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ikiwa nzuri ni nyekundu na haina harufu ya kuungua. Ikipungua, gari linachelewa kushika D au R. Ikizidi, inatoa povu na dalili zinafanana na za kupungua, kwa hiyo usijaze kwa kubahatisha. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kubadilisha oili peke yake hakutarudisha klachi za ndani zilizokwisha.

Gari likitetemeka kwenye mwendo wa kati kama linapita juu ya bati la migongo, gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto huku mafuta yakibaki palepale. Mtetemo ukikoma hapohapo, shuku kufunga kwa toki konveta (inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki) kabla hujagusa propela.

Bado kunakusumbua? Anzia hapa

*"Dung" moja ukiondoka au ukibadilisha kutoka D kwenda R:* krosi, kisha raba za giaboksi, kisha grisi kwenye kiungo cha kuteleza, na difu iwe ya mwisho.

*Gia inajitoa ukiachia mafuta:* raba za giaboksi, bolti za giaboksi na injini, kisha springi na uma za ndani.

*Injini inavuma, gari halisogei kabisa:* mtu atazame propela kwa mbali huku ukiingiza gia. Propela inazunguka? Hafu shafti au difu. Haizunguki? Klachi, giaboksi, au kirungu cha transfa kimekaa N. Usicheke hili nalo. Kwenye foleni ya kivuko nimeshaitwa kwa pikipiki kwenda kukisukuma kirungu kile kwa kidole.

*Oili inadondoka kwenye ungio la injini na giaboksi:* inuse na uangalie rangi. Nyeusi nyembamba ni ya injini. Nzito yenye harufu kali kama yai bovu ni ya giaboksi. Sili ni tofauti, bei ni tofauti.

*Difu ina moto usiovumilika kwa kiganja baada ya mwendo mfupi:* pima oili. Ipo na ni safi? Kama beringi zilibadilishwa karibuni, huenda zimekazwa kupita kiasi.

*Oili imekuwa maziwa tena baada ya kuibadilisha:* kipumulio au sili bado. Mwaga, jaza, endesha kidogo, mwaga tena hadi itoke safi, na usiliache gari limekaa wiki na maji ndani. Kutu haisubiri.

Ukifika mahali daftari linaonyesha difu au giaboksi ifunguliwe, mpe fundi daftari lenyewe, si jina la ugonjwa. Mwambie: "Inavuma kuanzia 60, nikiachia mafuta inapungua, gia huru haibadiliki, matairi nimebadilisha, oili ina vipande." Kisha mwombe akuwekee vipuri vya zamani kwenye mfuko uvione, na muwe mmeelewana bei kabla nati ya kwanza haijalegezwa.